Gato za kuogopesha: kuoka vidole vya zimwi, buibui na popo pamoja na watoto, hata kama nyumbani hakuna oveni

Mwisho wa mwezi wa kumi ukikaribia, watoto wa hapa Lubumbashi wanaanza kuulizia Halloween, juu wameona kwenye simu na kwenye televizheni watoto wa Marekani wamevaa vinyago wanapita mlango kwa mlango wanaomba bonbon, na wewe mzazi unabaki unajiuliza ufanye nini. Kuna wazazi wanakataa kabisa, na nawaelewa. Kuna wanaomwacha mtoto na video mpaka saa nne usiku halafu mtoto anagoma kulala peke yake wiki nzima. Mimi nasema tuingie jikoni tuoke gato, yaani biskuti. Zimwi ambalo mtoto amelikanda mwenyewe, akaliwekea kucha, akalichoma, akalitafuna kichwa na chai, halimsumbui usiku. Na jumamosi nzima imepita bila simu mkononi.

Kidogo kuhusu hiyo siku, juu watoto watakuuliza tu. Halloween ni usiku wa tarehe 31 mwezi wa 10, kesho yake ndiyo Watakatifu Wote, na tarehe 2 mwezi wa 11 Wakatoliki wanaombea marehemu. Desturi za kuchonga sura na kuwasha taa ndani zilitoka Ireland, kule walikuwa wanachonga mizizi mikubwa ya shamba, walipohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga, ndiyo maana leo kila picha ni boga lenye meno. Sisi Wakongo siku yetu kubwa ya kukumbuka waliotangulia ni tarehe 1 mwezi wa 8, asubuhi watu wako makaburini wanafyeka na kusafisha, mchana wanakula na wazazi walio hai. Kwa hiyo usichanganye, usimwambie mtoto kwamba hizi gato ni za wafu. Ni mchezo wa jikoni, basi.

Kwanza amueni mtaogopesha na nini

Hapa nitakaa kidogo, juu ndipo watu wanaponakili tu vya intaneti bila kufikiri.

Usitengeneze mchawi. Halloween ya kule imejaa wachawi na kofia zao na fagio zao, na hivi vidole vya biskuti nitakavyoeleza chini, mapishi mengi yanaviita vidole vya mchawi. Kwao ni mchezo. Kwetu hapa neno hilo likimwangukia mtoto linaweza kumtoa nyumbani. Baba amepoteza kazi, mdogo mtu amefariki, mtoto anakojoa kitandani au anaongea usingizini, mtu mmoja anasema "huyu ndiye", imeisha, mtoto analala sokoni. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inamfunga jela anayefanya hivyo, lakini sheria haiko mezani wakati watoto wa jirani wanacheka na kunyoosheana vidole. Fikiria kwenye ile meza kuna mtoto mmoja ambaye alishaitwa hivyo na shangazi yake, na wewe hujui. Umempiga pale pale panapouma. Na wale wengine watalibeba jina mpaka shuleni jumatatu.

Weka zimwi. Zimwi ni la hadithi za jioni, kila mtoto anajua ni la hadithi, lina tumbo kubwa na akili ndogo, na mara nyingi mwishoni linashindwa na mtoto mjanja. Ukiwa unakanda donge, mpe mtoto mkubwa kazi ya kusimulia hadithi moja anayoijua, wadogo watanyamaza na mikono itaendelea kufanya kazi.

Bundi pia mwache, juu nyumba nyingi bundi akilia juu ya bati watu wazima wenyewe hawalali. Makaburi madogo yenye msalaba, mifupa, majeneza ya chokoleti, hapana, huwezi kujua nani ametoka kwenye matanga wiki iliyopita. Buibui, popo, macho makubwa, vidole vyenye kucha, zimwi lililofungwa bandeji, hivyo vinatosha na vinachekesha. Na kabla ya kuanza muulize mdogo kuliko wote kama anaogopa buibui kwa kucheka au kwa kulia. Akisema kulia, buibui wake atatabasamu.

Vitu vya kutafuta

Hii inatosha watoto sita hivi. Farini ya ngano nusu kilo, yaani glasi nne zilizojaa na kidogo juu kama glasi yako ni ya mililita 200, usishindilie. Majarini grama 250, ile kopo ndogo nzima. Sukari grama 100, ni zaidi kidogo ya nusu glasi. Yai moja. Chumvi pinchi moja. Maji ya baridi sana, vijiko vitatu mpaka vitano vikubwa. Ukishika hesabu kwamba majarini ni nusu ya uzito wa farini, unaweza kupunguza au kuongeza vyote upendavyo, watoto wawili tu basi gawa kwa mbili.

Halafu vya kupambia na kujaza: kakao vijiko viwili, kalanga za kuchoma zisizo na chumvi, konfitiri (jamu) nyekundu, ndizi tatu nne za sukari zilizoiva lakini bado ngumu kidogo, kipande cha boga, betravu moja (kile kiazi chekundu), limau moja, na sukari ya unga. Sukari ya unga kama haipo dukani, twanga sukari ya kawaida kwenye kinu kikavu kabisa au isage kwenye mashine, halafu chekecha na kitambaa chepesi. Vyote hivi soko la Kenya, lile la hapa hapa Lubumbashi, vipo, ukienda asubuhi, na watoto wakienda na wewe ni vizuri zaidi, wachague boga wenyewe.

Usiweke levire (hamira) wala poda ya kuumulia kwenye hili donge. Watu wanapenda kuongeza "kidogo tu" ili gato ivimbe, lakini hapa tunataka isivimbe, juu kidole kikivimba kinakuwa mkate mdogo tu na sura yote imepotea. Lubumbashi tena iko juu, karibu mita 1200 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi na gesi ya poda inasukuma donge zaidi kuliko kitabu cha Ulaya kilivyopima.

Vyombo: beseni, chupa safi ya kusukumia, glasi ya kukatia, uma, kisu kisicho na makali kwa watoto, vizibo viwili vya soda vilivyochemshwa. Basi.

Donge

Mwezi wa kumi hapa ndiyo joto kali kuliko miezi yote, mvua bado haijakaa vizuri, mchana inapita digrii 30, na adui mkubwa wa hili donge ni joto. Majarini inatakiwa ibaki vipande vidogo ndani ya farini, ikiyeyuka kabla ya kufika motoni inanyonywa na farini yote na gato inatoka ngumu yenye mafuta. Kwa hiyo anza asubuhi mapema, au jioni jua likishuka. Maji yakae kwenye friji au kwenye mtungi wa udongo tangu usiku. Beseni liweke juu ya taulo lililolowa.

Mikono inaoshwa kwanza, kucha pia, na nywele zinafungwa. Weka farini, sukari na chumvi, changanya. Kata majarini vipande vidogo uitupe humo. Sasa waite watoto wote, hii ndiyo kazi yao, wachukue farini na majarini kwa ncha za vidole, wasugue, waachie zianguke, tena na tena, vidole tu, viganja hapana juu viganja vina joto. Dakika tano hivi. Inakuwa kama mchanga uliolowa, ukiminya inashikana, ukigusa inavunjika. Ukiona hivyo simama.

Kwa nini tunasugua mafuta kwanza ndipo maji baadaye? Farini ya ngano ikipata maji inatengeneza nyuzi zinazovutana, ndizo zinafanya mkate uwe mkate. Kwa gato hatutaki nyuzi nyingi. Mafuta yanaifunika farini, maji yanakosa nafasi ya kuifikia yote, na gato inavunjika vizuri mdomoni. Mtoto wa miaka minane anaielewa hii kabisa ukimwonyesha, mpe farini kidogo na maji peke yake aikande, avute, aone mpira wake, halafu alinganishe.

Piga yai, mimina, changanya na uma. Ongeza maji kijiko kimoja kimoja, ukifika cha tatu anza kujaribu kukusanya donge. Likishikana, acha maji. Usikande kama mandazi! Kusanya tu, bonyeza mara chache, imetosha. Gawa sehemu mbili, nusu moja iache nyeupe kwa vidole, nusu nyingine igawe tena mara mbili, robo moja uchanganye na kakao na kijiko kidogo cha maji kwa buibui, robo nyingine ni ya popo na bandeji. Funga kila moja kwenye sachet safi, yaani mfuko wa plastiki, weka kwenye friji nusu saa. Kama umeme umekatika, tia ndani ya sufuria yenye kifuniko, sufuria iingie ndani ya beseni la maji baridi, pahali pa kivuli, dakika 40.

Na hapa kuna sheria moja ambayo lazima uisimamie: donge bichi haliliwi. Watoto watalamba vidole, ni kawaida yao, lakini yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha na kutapika, na farini pia ni mbichi, haijapikwa mahali popote kabla ya kufika kwako. Weka bakuli la vipande vya ndizi pembeni, mtu akitaka kula ale hivyo.

Oveni ya mbabula

Mwenye oveni awashe digrii 180 na aruke sehemu hii. Sisi wengine tuna mbabula, jiko la makala (makaa), na mbabula inaoka vizuri kabisa ukiiheshimu.

Tafuta sufuria kubwa nzito ya aluminiamu, siyo ile ya rangi ya ndani wala isiyoshika. Mwaga mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili vilivyolala. Juu ya mchanga weka mawe matatu madogo yenye urefu sawa au pete ya chuma, hapo ndipo sahani ya bati itakaa, isiguse mchanga wala ukuta wa sufuria. Washa makala, subiri moshi uishe na makala iwe nyekundu yenye majivu juu. Gawanya: theluthi moja ibaki chini kwenye mbabula, theluthi mbili ziende juu ya kifuniko. Hivi watu wengi wanafanya kinyume, moto wote chini, ndiyo maana gato inakuwa nyeusi tumboni na nyeupe mgongoni. Kifuniko kiwe cha bati gumu, bapa, chenye ukingo kidogo ili makala isidondoke.

Acha ipate moto dakika 20. Halafu pima: weka pinchi ya farini kwenye sahani ya bati, ingiza, funika, hesabu dakika tano. Farini ikiwa ya dhahabu, moto ni sawasawa. Ikiwa bado nyeupe ya krimu, ongeza makala juu. Ikiwa kahawia ya kukolea, toa chini kidogo. Mpe mtoto wa miaka kumi saa, yeye ndiye mkubwa wa muda, anaita kila dakika tano, na ataita kweli, hatasahau hata mara moja.

Mbabula ikae nje, uani, chini ya upepo. Usiiingize ndani hata kama mvua ya kwanza imeamua kunyesha siku hiyo hiyo. Makala inatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na kwenye chumba kilichofungwa inaua watu wakiwa wamelala. Mvua ikija, gato zingojee. Chora mstari kwa fimbo kuzunguka mbabula, hatua mbili kubwa, ndani ya mstari ni mtu mzima peke yake, na kaka au dada mkubwa wa nyumba apewe kazi ya kulinda mstari. Ndoo ya maji pembeni.

Vidole vya zimwi

Hivi ndivyo vinavyopendwa kuliko vyote, na mtoto wa miaka mitatu anaweza.

Chukua donge jeupe kiasi cha grama 20, mpira mdogo unaokaa katikati ya kiganja cha mtoto. Usukume mezani mpaka uwe mrefu kama kidole cha yule yule mtoto, aweke mkono wake pembeni apime. Lakini uwe mwembamba kuliko unavyotaka, juu motoni unapanuka kidogo. Sasa angalia kidole chako mwenyewe: kina sehemu mbili zenye mikunjo, na katikati ya mikunjo kina nyama. Minya donge kidogo juu ya mkunjo na chini ya mkunjo, ili fundo la kidole litokeze. Kwa mgongo wa kisu piga mistari mitatu mifupi kwenye kila fundo. Hapo hapo donge linageuka kidole, watoto wanapiga kelele. Kipinde kidogo pembeni, zimwi halina vidole vilivyonyooka.

Kucha ni nusu ya kalanga. Menya, ipasue mara mbili, ibonyeze kwenye ncha upande wa mviringo uangalie juu, isukume kwa nguvu mpaka donge lipande pembeni. Panga kwenye sahani iliyopakwa majarini na kupakwa farini, acha nafasi. Kama donge limelainika kwa joto la mikono, rudisha sahani nzima mahali pa baridi dakika kumi kabla ya moto. Ukiruka hii vidole vitatambaa.

Oveni dakika 12 mpaka 15. Sufuria ya mbabula 18 mpaka 20, angalia kwenye 15. Ukingo uwe wa dhahabu, katikati bado nyeupe kidogo, zikitoka ni laini, ziache zipoe pale pale ndipo zinakuwa ngumu. Zikipoa, inua kucha, tia tone la konfitiri, rudisha kucha ukandamize, konfitiri nyekundu inatoka pembeni. Wakubwa wanaweza kuchovya na upande uliokatika.

Kwa watoto chini ya miaka mitano usiweke kalanga, inaweza kuwaziba koo. Wao kucha ni kipande bapa cha donge, kikitoka motoni unapaka juisi ya betravu. Na kabla ya kuwaalika watoto wa majirani, uliza mama zao kama kuna mtoto ambaye kalanga inamfanyia mzio, uliza kweli, siku ile ile, usikisie.

Zimwi la bandeji

Ndizi ndogo ya sukari, imenywe, ikatwe nusu. Sukuma donge unene wa milimita tatu, kata mikanda ya upana wa sentimita moja, isiwe sawa sawa, mingine myembamba mingine minene, ndiyo inapendeza. Mtoto anazungushia kuanzia chini, mikanda ipandane kidogo kidogo, mahali pa macho aache dirisha. Paka maziwa. Dakika 20 mpaka 25. Ndizi ikiwa imeiva kupita kiasi inatoa maji na bandeji inalowa, kwa hiyo chagua ngumu. Kama nyumbani mnapenda ya chumvi, tumia sosisi mahali pa ndizi na utoe sukari kwenye donge. Macho yanawekwa yakipoa.

Buibui

Donge la kakao. Watoto wanataka kubandika miguu nane moja moja kwenye tumbo, na miguu inadondoka motoni, halafu kuna kilio. Fanya hivi: sukuma kamba nne nyembamba, kila moja ndefu kama kidole cha mtu mzima. Zilaze kwenye sahani zikikatana katikati, kama nyota. Kamba nne, ncha nane, miguu yote iko tayari. Tumbo ni mpira mdogo, liweke juu ya pale zinapokutana, ukandamize kidogo lishike. Kichwa ni mpira mdogo zaidi mbele. Kila mguu upinde goti. Waache wahesabu miguu, na waulize mende ana mingapi, juu mende ana sita, buibui nane, na ndiyo maana buibui si mdudu wa kundi la mende, hii wataenda kuisimulia kwa mwalimu.

Dakika 12. Kakao inaficha rangi, hutaona dhahabu, gusa mguu mmoja: ukivunjika kwa sauti, imeiva.

Popo wa boga

Hawa ni wa watoto wakubwa, kuanzia miaka minane, wana hatua nyingi.

Chemsha boga, mwaga maji, ponda. Glasi moja ya boga, vijiko viwili vya sukari, mdalasini au tangawizi kidogo, rudisha motoni ukikoroga mpaka kijiko kikipita chini ya sufuria njia ibaki wazi. Lazima ikauke hivyo, boga la majimaji linapasua popo. Ipoe kabisa.

Sukuma donge, kata duara na bakuli dogo, kata kila duara nusu. Nusu duara moja ni popo mmoja wa chini, nusu duara nyingine inamfunika. Upande wa mviringo ni juu. Upande ulionyooka ni chini ya mabawa: kwa kizibo cha soda kata vipinde vitatu, utaona mabawa yametokea. Fanya vyote viwili pamoja vikiwa vimelala mmoja juu ya mwingine ili vilingane. Weka boga kijiko kidogo katikati, kidogo tu, paka maji pembezoni, funika, bana kwa uma. Juu ya kichwa bana masikio mawili kwa vidole. Halafu kwa kijiti cha meno toboa macho mawili, yapite mpaka kwenye boga. Matundu yanatoa mvuke, popo hapasuki, na yakiiva macho yanakuwa ya rangi ya chungwa ndani ya uso wa kahawia. Dakika 18 mpaka 22.

Wakati wanangoja, waambie kwamba mwezi huu huu wa kumi mamilioni ya popo wanaanza kufika Kasanka, hapo Zambia, si mbali na mpaka wetu, wanafuata matunda ya porini kama masuku, wanakaa mpaka mwezi wa kumi na mbili halafu wanaondoka. Jioni wanatoka wote pamoja na mbingu inakuwa nyeusi. Hawa popo hawanyonyi damu ya mtu, wanakula matunda na kutawanya mbegu. Lakini popo wa kweli akianguka uani hashikwi kwa mkono, anaweza kubeba magonjwa.

Macho, damu na utando

Sukari ya unga glasi moja, maji ya limau kijiko kimoja na nusu, koroga, ongeza matone mpaka iwe nzito ya kudondoka polepole. Ute wa yai bichi siweki, limau inatosha na inakausha vizuri. Macho ni tone jeupe na tone dogo la kakao juu. Kwa nyekundu, saga betravu, kamua, tumia juisi badala ya maji. Betravu ipakwe baada ya kuoka tu, juu ndani ya moto nyekundu yake inageuka kahawia. Kwa kijani kamua majani ya lengalenga yaliyochemshwa kidogo, matone machache hayana ladha. Utando wa buibui: tia sukari kwenye sachet, kata kona ndogo kabisa, chora kwenye biskuti ya duara, mistari kwanza kutoka katikati, halafu mizunguko. Hapa waachie watoto waharibu wanavyotaka. Buibui mwenye macho matano apewe nafasi yake kwenye sahani kama wenzake, usimrekebishe mtoto mbele ya wengine.

Mambo yakienda vibaya

Donge linapasuka likisukumwa: limekauka au limetoka kwenye baridi sasa hivi, liache dakika tano, lowesha mikono, jaribu tena. Linanatana na meza: ni joto, lirudishe kwenye baridi, usiongeze farini nyingi juu gato itakuwa ngumu. Gato inasinyaa motoni: umelikanda sana au hukulipumzisha. Chini imeungua: makala ya chini nyingi, kwa zamu ya pili weka sahani mbili, moja juu ya nyingine. Ni nyeupe na mbichi katikati: ongeza makala juu ya kifuniko na usifunue funue, kila ukifunua joto lote linaondoka na unaanza upya.

Kuhifadhi

Zipoe kabisa kabla ya kufunga, zikifungwa moto zinatoka jasho na kulainika. Vidole na buibui vinakaa wiki nzima kwenye kopo lenye kifuniko. Vidole vilivyotiwa konfitiri ni siku mbili, kwa hiyo weka konfitiri siku ya kula. Popo na bandeji ziliwe siku ile ile, au kesho yake asubuhi kama friji imefanya kazi usiku kucha, juu boga na ndizi kwenye hili joto vinachacha haraka. Donge lililobaki likifungwa vizuri linakaa siku mbili kwenye friji, na kama hamna friji, likateni vipande na kulioka lote jioni hiyo hiyo kabla makala haijazimika, vipande visivyo na sura watoto watavila kwanza.